Kioo Kinachojifinya: Kauli za Kitenzi na Tiba ya Viwambo Vyenye Kasoro katika Programu Huria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kasoro za viwambo vya mguso zinavyoelezwa katika Kiswahili cha mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi, na namna maelezo hayo yanavyolingana na hatua zinazochukuliwa na waandishi wa programu huria kuzikwepa kasoro hizo. Inadaiwa kwamba maarifa ya kutambua kasoro yamo zaidi katika mnyambuliko wa kitenzi kuliko katika nomino, na kwamba kazi yetu ya istilahi imelipuuza jambo hili.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za teknolojia katika Kiswahili umekuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa nomino. Tumebishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Tumebishana kuhusu mtandao na wavuti. Tumeandaa orodha ndefu za majina. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulianza nao kwa kuandaa faharasa. Hakuna anayeweza kuibeza kazi hiyo. Lakini mtu mwenye simu mbovu hamwendei fundi akiwa na nomino. Humwendea akiwa na kitenzi: imekataa, imekwama, haishiki, inajifinya.

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware meza ya fundi wa simu ni jambo la kawaida. Zipo kandokando ya soko la Toi, zipo Makina na Olympic, zipo kuanzia steji ya 46 kuelekea Gatina. Mitaa yote miwili hukusanya watu wenye lugha mbalimbali za kwanza. Kibera ina historia ndefu ya Wanubi, ambao lugha yao, krioli yenye asili ya Kiarabu, ilichunguzwa na Bernd Heine katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Kiswahili, pamoja na Sheng iliyojengwa juu yake, ndicho kinachowakutanisha mteja na fundi. Kwa hiyo Kiswahili hicho kina mzigo wa kiufundi, tupende tusipende.

Mzigo huo si mdogo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, kioo cha simu kimekuwa pia mlango wa kibeti. Kioo kinachoandika tarakimu mara mbili kinaweza kuigeuza shilingi 500 kuwa 5500. Mama mboga anayenunua bidhaa zake alfajiri na kulipa kwa simu hawezi kungoja wataalamu wakubaliane kuhusu istilahi. Anahitaji kueleza kasoro hiyo kwa usahihi, na anahitaji kueleweka.

2.0 Kubonyea, Kugusa na Kufinya

Kabla ya kasoro, tuangalie kitendo chenyewe. Kitenzi bonyeza ni kauli ya kutendesha kutokana na bonyea, yaani kuingia ndani kwa kushinikizwa, kama embe lililoiva au bati la gari lililogongwa. Kwa hiyo anayebonyeza hukifanya kitu kibonyee. Viwambo vya mguso vilivyoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama vile vya kompyuta ndogo za mkononi za iPAQ, vilikuwa hivyo hasa. Vilikuwa na matabaka mawili yaliyotenganishwa na nafasi ndogo. Kijiti au ukucha ukishinikiza, tabaka la juu lilibonyea likagusana na la chini, na mahali pa kukutana pakapimwa kwa umeme.

Kioo cha simu nyingi za leo hakibonyei. Chini yake mna gridi ya nyaya nyembamba zinazopitisha mwanga, na kila makutano ya nyaya hizo yana chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, chaji ya mahali hapo hubadilika. Ndiyo maana kioo hicho hakimtambui mtu aliyevaa glavu nene za sufi, hata akishinikiza kwa nguvu zake zote. Hapa kitenzi sahihi ni gusa, na hata hicho kinatia chumvi kidogo, kwa kuwa kidole hakiuonji umeme wenyewe.

Nairobi haikuchagua bonyeza wala gusa. Ilichagua finya. Katika kamusi, kufinya ni kubana ngozi ya mtu kwa vidole viwili ili kumuumiza, na msikilizaji kutoka Tanga akiambiwa "finya hapo kwa kioo" ana haki ya kushangaa. Mwandishi anaona kwamba upanuzi huu wa maana si uzembe. Finya limekuwa neno moja linalofaa kitufe cha mulika mwizi, kiwambo cha kubonyea na kiwambo cha kuguswa, bila kujali maunzi yaliyomo. Tutaona punde kwamba kitenzi hiki hunyambulika kwa urahisi mkubwa, na hiyo ndiyo faida yake hasa.

Tufuate sasa safari ya mfinyo mmoja. Kidole hukigusa kioo. Kidhibiti, yaani chipu ndogo inayosimamia gridi, hupima mabadiliko ya chaji na kuamua kwamba kuna kidole mahali fulani. Huandika taarifa: kidole cha kwanza, ulalo kadhaa, wima kadhaa. Taarifa hiyo husomwa na kiendeshi, ambacho ni programu iliyo ndani ya kiini cha Linux. Na ikumbukwe kwamba Android nayo imejengwa juu ya kiini hicho hicho. Kiendeshi huifasiri taarifa na kuipitisha juu kwa programu nyingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kiendeshi hakijawahi kukiona kidole. Kinategemea ushahidi wa kidhibiti peke yake, kama hakimu asiyefika mahali pa tukio. Shahidi akiwa mwongo kwa utaratibu unaojulikana, hakimu anaweza kuurekebisha ushahidi wake. Akiwa mwongo bila utaratibu, hakuna la kufanya. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kila kitakachofuata.

3.0 Kauli na Kasoro

Chukua mfano wa mazungumzo haya, yaliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi:

– Fundi, hii simu inajifinya.
– Inajifinya saa zote, mama, ama ukiiweka kwa chaji?
– Nikiiweka kwa chaji.
– Na ukitoa?
– Nikitoa inatulia.

Sentensi tano, na uchunguzi wote umekamilika. Kirejeshi -ji- kinatuambia kwamba tendo lipo lakini mtendaji wa nje hayupo: mfinyo umeripotiwa, kidole hakipo. Kisha -ki- ya masharti inatenga chanzo. Fundi hakuuliza "tatizo ni nini?", aliuliza swali ambalo jibu lake linaweza kubebwa na mofimu moja. Iwapo mteja angejibu "hata nikitoa", shaka ingehamia kwenye kioo chenyewe, au unyevu, au kioo cha kubandika kisichotoshea vizuri.

Sababu ya kiufundi ni hii. Chaja duni haichuji umeme vizuri, na hupitisha kelele kwenye simu. Kidhibiti kinachopima chaji ndogo mno huisikia kelele hiyo, na wakati mwingine huidhania kidole. Dawa ya programu inaweza kuwekwa mahali pawili. Kwanza, kizingiti kinaweza kupandishwa, ili badiliko dogo lisihesabiwe kuwa mguso. Pili, baadhi ya viendeshi vya simu za Android hukiarifu kidhibiti kwamba chaja imechomekwa, nacho hubadili namna ya kupima, kwa mfano kwa kuhamia masafa yasiyo na kelele nyingi. Yaani -ki- ya mteja, "nikiiweka kwa chaji", imo ndani ya kiendeshi kama sharti. Programu imeandika sentensi ile ile kwa lugha nyingine.

Kupandisha kizingiti kuna gharama. Kidole cha mzee chenye ngozi kavu, au cha fundi wa ujenzi kilichokakamaa kwa saruji, hutoa badiliko dogo la chaji. Kizingiti kikipanda, kioo kinaacha kujifinya, lakini kwa watu hao hakifinyiki tena.

Hakifinyiki: hapa tumeingia katika kauli ya kutendeka, na katika kasoro ya pili. "Hakifinywi" lina maana kwamba hakuna anayekifinya, au ni marufuku kukifinya. "Hakifinyiki" lina maana kwamba juhudi imefanywa ikashindikana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifahamu tofauti hii kwa mifano ya mlango usiofungika na chakula kisicholika. Fundi huitumia kuchora ramani: "hapa juu kinafinyika, hapa chini hakifinyiki." Iwapo ukanda mzima haufinyiki, huenda waya mmoja wa gridi umekatika. Kiendeshi hakina msaada hapo, kwa sababu shahidi hajasema uongo, amenyamaza. Tusipoteze muda zaidi juu ya kasoro hii, kwani dawa yake ni kubadilisha kioo.

Kasoro ya tatu ndiyo inayomvutia zaidi mwandishi. Kidole kimeondolewa, lakini simu inaendelea kutenda kana kwamba bado kipo: orodha inateremka bila kukoma, herufi inajirudia. Kidole kimenata. Katika Kiswahili tunaweza kulieleza tatizo hili kwa njeo: kidhibiti kinashikilia "hakijainuka", ilhali ukweli ni "kimeshainuka". Wakati uliopo timilifu na ukanushi wake, ambao wanafunzi wengi wanauona kama adhabu ya mtihani, ndio unaobishaniwa hapa kati ya mashine na mtu.

Kiendeshi kiitwacho hid-multitouch, kilichoandikwa kuanzia mwaka 2010 na Stéphane Chatty na Benjamin Tissoires wa ENAC nchini Ufaransa, kina orodha nzima ya tabia za vifaa mbalimbali. Tabia moja katika orodha hiyo inaweza kufasiriwa hivi: asiyetajwa ameondoka. Vipo vifaa ambavyo kidole kikiinuka havisemi "kimeinuka". Vinaacha tu kukitaja katika taarifa inayofuata. Kwa vifaa hivyo kiendeshi hufuata kanuni hiyo. Tabia nyingine katika orodha ile ile inahusu vidole vinavyonata. Vifaa vya kundi husika vinapaswa kuendelea kutoa taarifa muda wote kidole kinapokuwa juu ya kioo. Kwa hiyo kiendeshi huanzisha saa: zikipita milisekunde 100 bila taarifa yoyote, huvihesabu vidole vyote kuwa vimeinuka, hata kama kidhibiti hakijakiri.

Tazama uzuri wa uamuzi huo. Haukuhitaji kukirekebisha kidhibiti, ambacho kiliundwa kwingineko na hakifunguliki. Ulihitaji mtu aseme kwa usahihi: si kwamba kimekwama, si kwamba kinajifinya, kidole kimeinuka na taarifa ya kuinuka haikufika.

Kasoro ya nne huelezwa kwa vionyeshi vya mahali: "ukifinya hapa kinashika pale." Neno la kuangaliwa ni lile linalotangulia. Je, ni "kila ukifinya" au ni "mara nyingine ukifinya"? Kila ni habari njema, kwa kuwa uongo wenye utaratibu hurekebishika. Tuseme kiwambo kina nukta 1280 kwa ulalo, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 1279, na kila mguso wa kushoto unaonekana kulia. Kiendeshi hutoa namba iliyoripotiwa kutoka 1279: aliyegusa 200 akaripotiwa 1079 hurudishwa 200. Katika kiendeshi cha vidhibiti vya Goodix, ambacho Bastien Nocera alikiingiza katika kiini cha Linux mwaka 2014, mna majedwali ya aina hii. Tableti za WinBook TW100 na TW700 zimeorodheshwa humo kwa sababu kioo chao kimefungwa kichwa chini miguu juu. Cube I15-TC imeorodheshwa kwa sababu ulalo wake umegeuzwa. Mtu kiwandani alikifunga kioo kinyume, na badala ya kukifungua, mistari michache ya programu imekigeuza upya.

Ipo pia hali ambapo ulalo na wima vimebadilishana. Hapa kauli ya kutendana hufanya kazi yake kamili: si kimoja kilichobadilika, bali viwili vimepeana nafasi. Mwandishi wa jedwali hana budi kutofautisha kugeuka na kubadilishana, kwani ni maagizo mawili tofauti, na akiyachanganya mguso utaangukia kona nyingine kabisa.

Kasoro ya tano ni kurukaruka. Kidole kimetulia, lakini nukta inachezacheza. Urudufishaji katika Kiswahili huweza kuonyesha tendo dogo linalofanyika mara nyingi bila kufika popote. Kuruka ni kuhama, kurukaruka ni kubaki pale pale bila utulivu. Maktaba ya programu iitwayo tslib, iliyoanzishwa na Russell King mwaka 2001 kwa ajili ya vile viwambo vya kubonyea, ina vichujio vinavyopangwa kwa mnyororo, kila kimoja kikimpokeza mwenzake. Kimoja huondoa kurukaruka kwa kukokotoa wastani wa vipimo kadhaa, cha karibuni kikipewa uzito mkubwa zaidi. Kingine hupuuza vipimo vya kwanza baada ya kugusa na vya mwisho kabla ya kuinua, kwa kuwa ndivyo visivyoaminika. Cha tatu kinashughulikia kiwambo kizima: mtumiaji hugusa alama tano, nne za pembeni na moja ya katikati, na programu hukokotoa namna ya kuvuta na kusogeza vipimo ili vilingane na picha. Gharama ya wastani ni kuchelewa. Kadiri nukta inavyotulia ndivyo inavyobaki nyuma ya kidole, na anayechora au kutia sahihi huliona hilo mara moja.

Nimeiacha kwa makusudi hadi sasa kasoro iliyotajwa mwanzoni: "nikifinya mara moja kinaandika mara mbili." Kichujio chake ni rahisi. Baada ya mguso mmoja kumalizika, kiendeshi hukataa mguso mwingine kwa muda mfupi uliowekwa. Muda ukiwa mfupi mno, 500 bado huwa 5500. Ukiwa mrefu mno, Kiswahili chenyewe kinaumia, maana lugha yetu ina maneno mengi yenye irabu mbili zinazofuatana: saa, mzee, njoo, kondoo. Mwandishi mwenye kidole chepesi ataandika saa, kioo kitampa sa. Ataandika kwamba dawa imeshindwa kufaa, ujumbe utafika ukisema imeshindwa kufa. Aliyeuchagua muda huo akiwa na maneno ya lugha yake tu kichwani huenda asiligundue tatizo, na hatalijua mpaka mtu wa Kawangware amweleze.

4.0 Mashine Isiyo na Jina

Ili kiendeshi kijue tabia ya kifaa, ni lazima kwanza kikitambue kifaa hicho. Hapa pana kisa ambacho wanafunzi wa onomastiki watakipenda.

Tableti nyingi za bei nafuu zilizojengwa kwa vichakataji vya aina ya x86 hutumia vidhibiti vya Silead. Vidhibiti hivi havina hifadhi ya kudumu ya programu yao ya ndani; kila tableti inapowashwa, kiendeshi hakina budi kuwapakia faili, na faili hiyo hutofautiana kutoka modeli moja hadi nyingine. Kwa kuwa mtengenezaji hakuacha maelezo ndani ya kifaa, Hans de Goede wa Red Hat alianzisha mwaka 2017 jedwali ambalo leo linaitwa touchscreen_dmi. Kila ingizo linataja modeli, upana na urefu wa kioo, faili inayohitajika, na kama mihimili imegeuka au imebadilishana. Watu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiongeza tableti zao humo.

Modeli hutambuliwa kwa kusoma maneno ambayo kiwanda kilipaswa kuandika ndani ya mashine: jina la mtengenezaji, jina la bidhaa, toleo. Lakini viwanda vingi havikuandika kitu. Viliacha maneno ya kujazia nafasi, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "itajazwa na mtengenezaji". Mashine za namna hiyo, za viwanda tofauti na zenye vioo tofauti, hujitambulisha kwa sentensi ile ile moja. Waandishi wa jedwali wamelazimika kutafuta alama nyingine, kama vile toleo au tarehe ya programu ya kuwashia mashine, ili kuzitenganisha.

Hivyo ndivyo tunavyofanya mtaani. Meza nyingi za mafundi hazina bango, na mafundi wengi hawajulikani kwa jina la kitambulisho. Huyu ni fundi wa karibu na msikiti; yule ni fundi wa pale wanapochoma mahindi. Anayechoma mahindi akihama, fundi amepoteza jina. Vivyo hivyo, mtengenezaji akibadili tarehe ya programu ya kuwashia, tableti hupotea katika jedwali na kioo kinakufa ingawa hakuna kilichovunjika.

Katika simu za kawaida, zenye vichakataji vya aina ya ARM, maelezo kama hayo kwa kawaida huandikwa katika faili ya pekee inayoambatana na kiini. Sarufi ya maelezo ni ile ile: umegeuzwa ulalo, umegeuzwa wima, vimebadilishana.

5.0 Dawa Hufika Wapi

Tusijidanganye kwamba fundi wa Kibera huketi akiandika viendeshi. Tiba ya kwanza mezani pake ni kioo kipya, na ya pili ni kuipakia simu upya programu yake yote. Hata hivyo, suala la nani ana ruhusa ya kumrekebisha shahidi linamgusa moja kwa moja.

Mwezi Aprili 2018 dunia ilipata mfano mzuri. Baadhi ya watu wenye iPhone 8 zilizobadilishwa vioo na mafundi wasio wa Apple walisasisha simu zao hadi toleo la 11.3 la mfumo wake, na vioo vikaacha kufinyika. Kioo kilikuwa kizima jana, na hakuna aliyekiangusha. Apple ilitoa toleo la 11.3.1 lililoondoa tatizo hilo. Kilichohitajika kilikuwa programu tu, lakini hakuna fundi yeyote duniani aliyeweza kuiandika, kwa kuwa kiendeshi kilikuwa kimefungwa. Wote walingoja.

Kiini cha Linux kimetolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomtaka anayekisambaza akiwa amekibadilisha atoe pia msimbo wa mabadiliko yake. Kwa nadharia, basi, simu ya Android iliyo mfukoni mwa mkazi wa Kawangware ina kiendeshi kinachosomeka. Kwa vitendo, si watengenezaji wote wa simu nafuu wanaolitimiza sharti hilo, na simu nyingi zina kufuli inayozuia kiini kilichobadilishwa kisipakiwe. Mahali ambapo dawa hizi hufika kwa urahisi zaidi ni kwenye tableti na kompyuta kuukuu zinazoweza kuwekewa Linux, kama zile zinazoishia katika madarasa na maktaba ndogo za mitaani.

Wala mtu asidhani kwamba kazi huria ni ya watu wa mbali. Mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, vijana wa Kibera walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS na kuichora mitaa yao katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kabla ya hapo, katika ramani za mtandao, Kibera ilikuwa karibu nafasi tupu. Kazi ya kuongeza ingizo moja katika jedwali la viwambo inafanana na kazi hiyo: mtu mwenye kifaa mkononi huandika anachokiona, mwingine hukagua, na wote wenye kifaa kama hicho hunufaika.

Kizuizi kikubwa ni lugha. Taarifa za hitilafu katika kazi ya kiini huandikwa kwa Kiingereza. Kijana anayeijua kasoro kwa Kiswahili hadi kwenye mofimu huandika kwa Kiingereza kwamba kioo hakifanyi kazi, na taarifa hiyo hufungwa bila kushughulikiwa kwa kuwa haisemi lolote. Linganisha na taarifa ambayo angeiandika kwa lugha anayoimudu: "Kidole kikiinuka taratibu, kiwambo huendelea kutenda kana kwamba hakijainuka. Hutokea kila mara kwenye ukingo wa kulia, simu ikiwa kwa chaji na hata isipokuwa. Nikigusa mahali pengine, kidole cha kwanza huachiliwa." Mwandishi wa kiendeshi akipewa tafsiri aminifu ya sentensi hizo tatu, ana pa kuanzia. Ndiyo sababu ninashikilia kwamba mfasiri anayehitajika hapa ni mwanafunzi wa Kiswahili aliyesoma mofolojia, na si mfasiri wa orodha za majina.

6.0 Kuhusu Neno "Tabia"

Limebaki suala moja la istilahi, na hili, kwa bahati, ni la nomino. Waandishi wa viendeshi wana neno la Kiingereza wanaloliita kila upekee wa kifaa unaohitaji kushughulikiwa kivyake. Neno hilo halimaanishi uharibifu. Huwatajia mtu mwenye vituko vyake, ambaye wenzake wameamua kuishi naye.

Kasoro halitoshi, kwa kuwa linahukumu. Kioo kilichofungwa kichwa chini hakina kasoro yoyote cha kukifanya kitupwe, kimekaa vibaya tu. Hitilafu lina maana ya tukio lililotokea leo na huenda kesho lisiwepo. Kituko lina mzaha, na ukaidi linakipa kidhibiti nia ambayo hakina. Nilikokuwa nikilitumia neno tabia katika makala haya, kuhusu orodha ya hid-multitouch, sikulibuni. Ni neno la mtaani: "hii simu iko na tabia ya kujizima", "iko na tabia ya kukataa asubuhi". Linaeleza jambo linalorudi, linalojulikana na mwenye simu, na ambalo mtu hulizoea na kulipangia namna ya kulikwepa. Zaidi ya hayo, huandamana na kitenzi-jina, kwa hiyo halihitaji orodha nyingine ya nomino ili lifanye kazi: tabia ya kujifinya, tabia ya kunata, tabia ya kugeuza ulalo, tabia ya kutotaja kilichoinuka.

Pingamizi moja lina uzito. Tabia ni neno la ngeli ya I-ZI lisilobadilika katika wingi, na katika jedwali la programu mtu angependa kuonyesha waziwazi kama kifaa kina tabia moja au nyingi. Upatanisho wa kisarufi unalitatua katika sentensi, "tabia yake" na "tabia zake", lakini jina linaposimama peke yake katika safu ya jedwali hakuna upatanisho wa kulisaidia. Wanaopendelea upekee wana tatizo lao, kwa sababu wingi wa neno hilo hautamkwi na mtu yeyote. Mpaka liwepo pendekezo bora, kichwa cha safu kinaweza kuandikwa "Tabia za kifaa", na kila mstari chini yake ukaanza kwa ku-.